Bibi Harusi, Lijue Chujio la Gari Lako



Leo tuweke pembeni hina na piko, tufungue boneti. Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya wanaume. Mimi sikubali. Mahari ni mali ya mke, na wapo kati yetu wanaoyageuza kuwa gari: IST au Raum iliyotoka Japani ikiwa imeshatumika. Basi kama gari ni lako, petroli unatia wewe, na watoto skuli unawapeleka wewe, iweje chujio lake liamuliwe na shemeji?

Nasema shemeji kwa sababu vijana wakishalipamba gari la harusi maua nje, hupenda kulipamba na ndani. Wanatoa chujio la hewa la karatasi, lile kavu, wanatia la pamba lililopakwa mafuta, la kuosha na kurudisha. Wanasema injini itapata pumzi zaidi na hutanunua jingine tena. Kwa gari la mashindano, pengine. Kwa gari la kutoka Fuoni kwenda Darajani, pumzi hiyo wala hutaihisi.

Utakachokihisi ni sensa ikichafuka. Mbele kidogo ya chujio, kwenye mpira unaopeleka hewa kwenye injini, gari nyingi zina sensa ya kupima hewa. Ndani yake mna uzi mwembamba kama unywele unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita huupoza, kama unavyopuliza chai ya moto; kompyuta ya gari huangalia umeme kiasi gani umehitajika kuurudishia joto, hapo ikajua hewa iliyoingia na petroli ya kutoa. Sasa chujio likitiwa mafuta ya kuzidi, hewa huyabeba mpaka kwenye ule uzi. Vumbi nalo likaganda juu yake, kama linavyoganda kwenye mfuniko wa karai la kukaangia. Uzi ukishavaa koti hilo haupoi sawasawa, na hesabu inaharibika. Gari linatetemeka likiwa limesimama, linasita unapokanyaga mafuta, taa ya injini inawaka, mara linazimika njiani. Na likizimika usiku barabara ya shamba, wewe na watoto ndani, hapo si suala la urembo tena.

Haki isemwe: wanaotengeneza machujio haya wanashikilia kwamba likipakwa mafuta kwa kipimo, sensa haidhuriki. Huenda. Lakini kipimo hicho nani anakifuata? Chujio lioshwe, likauke lenyewe kabisa, lipakwe kidogo kidogo, mafuta yaachwe yaenee, ndiyo lirudishwe. Wakati wa masika hata kanga haikauki upesi. Na ukiyapunguza mafuta sana, pamba inapitisha vumbi. Yapo pia ya kuosha yasiyotaka mafuta. Hayo sina ugomvi nayo, mradi yalingane sawasawa na kasha lake.

Wengine watanijibu kwa dini: kutupa karatasi kila mara si israfu? Suali zuri. Lakini israfu ni kutumia pasipo haja, na chujio la karatasi ni kitu cha bei ndogo kinacholinda injini nzima. Petroli inayopotea kwa sensa chafu, na sensa inayonunuliwa bila sababu, ndiyo israfu ninayoiona mimi.

Na hapa ndipo tunapoliwa pesa zetu. Mwanamke akifika gereji, gari linatetemeka, anaambiwa moja kwa moja: sensa imekufa, nunua nyingine. Imewahi kunifikia mimi hivyo, na sensa ile ile ilisafishwa na fundi mwingine ikafanya kazi. Kumficha mnunuzi ukweli ni ghushi, hata kama anayefichwa hajui spana ni nini. Ila fundi hatalazimika kukueleza kitu usichokiuliza. Muulize: umeisafisha kwanza? Kwa dawa gani?

Dawa ni ile ya kupuliza iliyotengenezwa mahsusi kwa sensa hii, inayokauka bila kuacha utando. Injini izimwe na ipoe, sensa ichomolewe kwa upole, ipulizwe bila kuguswa, iachwe ikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Si petroli, si dawa ya breki, si mswaki, si pamba za masikio, si upepo wa kompresa. Na shoga yangu, asetoni ya kutolea rangi ya kucha iache kwenye meza ya vipodozi. Inaweza kula plastiki.

Chujio la karatasi nalo litazame kila gari linapokwenda sevisi, na mapema zaidi kama unapita njia za vumbi. Liinue juani: mwanga usipopita, badilisha. Usikubali lipulizwe kwa kompresa kwa nguvu, karatasi inachanika na huoni.

Kwa bibi harusi ambaye gari lake limeshafungwa la mafuta, usigombane na shemeji wiki ya harusi. Pitisha fungate, nunua la karatasi la namba ya gari lako, na siku hiyo hiyo waambie wasafishe sensa.