Nani Atayapima Maji ya Akouta?

Mgodi wa urani ufungwapo, magazeti aghalabu hutoa habari moja tu: ni wachimbaji wangapi waliopoteza kazi. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 31 Machi, 2021, ulipofungwa mgodi wa Akouta, kaskazini mwa Niger, ambao ulikuwa umechimbwa tangu mwaka 1978. Watu wapatao 600 waliachishwa kazi, baada ya tani zipatazo 75,000 za urani kutolewa humo. Kwa maoni yangu, habari iliyo kubwa zaidi imelala chini ya miguu ya wakazi wa Arlit na Akokan, nayo ni maji wanayoyanywa.

Yafaa tuanze na miamba yenyewe, maana bila hiyo siasa ya jambo hili haieleweki. Nchi ile ni jangwa na watu wake hutegemea maji ya chini ya ardhi. Mwamba wa mchanga ndio uliobeba urani, na mwamba wa namna hiyo hiyo ndio ulioyahifadhi maji. Kwa mamilioni ya miaka urani ilitulia mahali pake kwa kuwa huko chini oksijeni ilikuwa haba, na katika hali hiyo haiyeyuki kwa urahisi. Mchimbaji anapoupasua mwamba, hewa huingia, urani hushikana na oksijeni, kisha huweza kuyeyuka na kusafiri na maji. Pampu zinapozimwa, maji hurudi polepole kuyajaza mahandaki, yakipita katikati ya mawe yaliyokwisha kuvunjwavunjwa. Kwa mhandisi kazi imekwisha. Kwa maji, safari ndiyo kwanza inaanza.

Juu ya ardhi nako yamebaki masalio ya kinu, yakadiriwayo kufikia tani milioni 20. Kinu huchukua urani tu. Radiamu na thoriamu huziacha kwenye lundo, na pamoja nazo sehemu kubwa ya mnururisho wa mawe yale. Mwalimu wa fizikia atafutaye mfano wa nusu-uhai hana haja ya kwenda mbali: radiamu-226 huchukua miaka 1,600 kupungua kwa nusu, na thoriamu-230 miaka kama 75,000. Muda huo unaupita mbali umri wa makampuni na serikali nyingi.

Basi uchunguzi wa maji ni kazi gani? Huchimbwa visima vidogo kuuzunguka mgodi, hasa upande ule maji yanakoelekea, na kila baada ya muda maalumu hupimwa kina cha maji, uchachu wake, salfeti, urani na radiamu. Salfeti hupimwa kwa sababu husafiri upesi, ilhali urani mara nyingi hunata kwenye udongo wa mfinyanzi na kuchelewa. Kupanda kwa salfeti ni onyo la mapema. Tarakimu ya mwaka mmoja haina maana kubwa. Kinachosema ni mfululizo wake, na mfululizo hukatika mara moja tu mtu asipofika kisimani.

Hapa pana jambo ambalo ningependa wanafunzi walitafakari. Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango cha urani katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 2 kwa lita mwaka 1998, likakipandisha hadi 15 mwaka 2004, na hadi 30 mwaka 2011. Mwaka 2010 shirika la Greenpeace lilitangaza kwamba sampuli nne kati ya tano za maji lilizozichukua eneo la Arlit zilipita kiwango cha wakati huo. Kampuni ya Areva, iliyokuwa na hisa nyingi zaidi mgodini, ilipinga tuhuma hizo. Sampuli yenye mikrogramu 20 ingehesabiwa kuwa mbaya mwaka 2010, na mwaka 2012 ikahesabiwa kuwa njema, bila tone moja kubadilika! Ndiyo maana neno “yanafaa” halitoshi. Wananchi wapewe tarakimu zenyewe. Hilo halijapata kuwa jepesi kule: wataalamu wa CRIIRAD kutoka Ufaransa walipokwenda Arlit mwaka 2003 kwa mwaliko wa chama cha wenyeji, Aghirin'man, vifaa vyao vya kupimia vilizuiliwa na forodha mjini Niamey.

Mgodi ulipofungwa, hisa zake zilikuwa asilimia 59 za Orano, ambayo zamani iliitwa Areva, 31 za Niger na 10 za Hispania. Serikali, kwa hiyo, ilikuwa mchezaji na refa kwa wakati mmoja. Kisha wanajeshi wakapindua serikali Julai 2023. Kufikia Desemba 2024 Orano ilisema imenyang'anywa uendeshaji wa makampuni yake huko, na shauri likapelekwa kwenye usuluhishi wa kimataifa. Juni 2025 Niger ikautaifisha mgodi jirani wa Somaïr.

Mimi siililii kampuni ile; haki ya Niger juu ya madini yake haina ubishi. Lakini wasuluhishi watauliza habari za tani na fedha, na visima vya uchunguzi havina wakili katika baraza lile. Anayerithi madini hurithi pia masalio.

Ujerumani iliwahi kukabiliwa na urithi wa namna hiyo. Kampuni ya Wismut, iliyokuja kuwa ya Urusi ya Kisovieti na Ujerumani Mashariki kwa nusu kwa nusu, ilitoa tani 231,000 za urani kati ya 1946 na 1990. Wasovieti walipojitoa mwaka 1991, serikali ya Ujerumani iliubeba mzigo wote, ukiwamo mgodi wa Königstein ambamo asidi ya salfa ilimiminwa chini ya ardhi. Mabilioni ya fedha yametumika, na maji ya migodi ile yangali yakisafishwa.

Niger haina hazina ya Ujerumani. Inachoweza kudai, hata kabla ya kesi kuamuliwa, ni nakala ya vipimo vyote tangu 1978, na pande zote mbili zikubaliane kwamba visima vitapimwa na mtu wa tatu wakati zikiendelea kushtakiana. Na kwa kuwa jirani zetu wa Tanzania wana urani yao katika Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, ambako mpaka wa Hifadhi ya Selous ulirekebishwa mwaka 2012 kwa ajili ya mradi huo, ni haki ya mwanafunzi wa Songea kuuliza leo: maji ya Namtumbo yana mikrogramu ngapi kabla ya mgodi, na kitabu cha vipimo hivyo kimewekwa wapi?