Demani si Msimu Tu: Maoni Kuhusu Jahazi Kuukuu na Somo la Fasihi

Wapo watu Nairobi wanaonunua magari ya zamani, yaliyotengenezwa kabla wao hawajazaliwa, kisha wakayasafirisha mwendo mrefu hadi nyumbani kwa gharama inayokaribia bei ya gari lenyewe. Siwacheki. Kwetu Manda gari la namna hiyo lisingekuwa na pa kwenda, maana barabara itokayo Garsen na Witu huishia gatini Mokowe, na kuanzia hapo msafiri huendelea kwa chombo. Kwa hiyo ami yangu alipojaliwa fedha kidogo, alinunua jahazi kuukuu.

Jahazi hilo liliundwa Matondoni, likauzwa, likabeba mizigo ya watu miaka mingi, hatimaye likaachwa Mombasa likioza polepole. Ami hakulinunua kwa mapenzi ya urithi. Mawe yanayochongwa Manda Maweni hayana budi kuvushwa hadi Amu yanakojengewa nyumba, na chombo kikongwe hupatikana kwa bei nafuu kuliko kipya. Mimi nami nilifuatana naye kwa kuwa ilikuwa likizo na nilikuwa nimechoshwa na tasnifu yangu. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani kuwa tulifunga safari ya utafiti.

Tasnifu yenyewe inahusu taswira za bahari katika ushairi wa Mombasa na Amu wa karne ya 19. Katika sura ya pili nililikuta neno "demani" katika ubeti mmoja, nikalifasiri kuwa ni ule msimu wa upepo mwanana unaokuja kusi inapoishia. Juu ya fasiri hiyo nikajenga kurasa nne za uhakiki kuhusu matumaini na majira ya neema. Kamusi nilikuwa nimeifungua, nikasoma maana moja iliyonipendeza, nikaifunga. Sura ilipita bila swali.

Baada ya majuma mawili ya kukalafati, kupaka deheni chini na sifa juu, tulitweka tanga Septemba mwaka jana, kusi ikiwa imepungua ukali lakini bado inasukuma kaskazini. Kutoka Mombasa hadi Amu ni yapata kilomita 240 kwa njia ya bahari. Tulikuwa tumeipita Kilifi nahodha aliponigeukia akapaza sauti: "Demani! Demani!" Nikamjibu kwa adabu kuwa naam, alhamdulillahi, mwaka huu imeanza vizuri. Mabaharia walicheka hadi mmoja akakaa chini. Mzee alikuwa akiniamrisha niishike kamba.

Demani, kumbe, ni kamba pia: ile inayoshika pembe ya tanga upande wa tezi. Ukiilegeza, tanga hupepea ovyo. Ukiikaza kupita kiasi, chombo hulala. Na upande wa demani ni ule upepo unakoelekea, kinyume cha joshi, upepo unakotoka. Nikiwa na malengelenge viganjani niliukumbuka ubeti wangu. Mshairi hakuwa akisubiri majira mema. Alikuwa akizungumzia mtu aliyeshika kamba na hajui wakati wa kuiachia. Kurasa zangu nne zilikuwa zimezama kabla hatujafika Malindi.

Usiku wa pili, katika Ghuba ya Ungwana, jahazi lilianza kuvuja. Tulifua maji kwa zamu hadi alfajiri. Ndipo nilipoielewa methali ambayo nimewafundisha wanafunzi wa sekondari kwa miaka miwili: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nilikuwa nikiwaambia kuwa maana yake ni kwamba mtu hurudi kwao, basi. Sikuwahi kuwaeleza ngama ni nini, kwa sababu sikuijua. Ni mahali pa chini kabisa chomboni, yanapokusanyika maji yote, yaingie kwa omo au kwa tezi. Pananuka, hapana fahari yoyote, na asiyepashughulikia huzama. Sidhani tena kuwa methali ile ni tamu kama tunavyoifundisha.

Nathubutu kusema kuwa kosa langu si langu peke yangu. Tunamsoma Muyaka bin Haji, mtu wa mji wa vyombo; tunamsoma Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyekuwa mvuvi na baharia kabla hatujamjua kwa *Kimbunga*; nasi tunategemea faharasa ya maneno magumu nyuma ya kitabu. Mholanzi A.H.J. Prins alichapisha *Sailing from Lamu* mwaka 1965, kwa Kiingereza, na hadi leo wengi wetu tukitaka kujua ubaharia wa Amu humwendea yeye. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Mawe yakapata hifadhi. Lugha ya chomboni haikupata, na injini inaifuta kila siku, kwani mwenye injini hahitaji kujua joshi iko wapi.

Najua nitaambiwa kuwa huu ni uanthropolojia, na kwamba matini inajitosheleza. Hoja hiyo niliipenda sana nilipokuwa sijashika kamba. Matini iliyoandikwa na watu waliojua demani haijitoshelezi mikononi mwa msomaji asiyeijua. Inampa tu nafasi ya kubuni. Wala sisemi kila mwanafunzi awe baharia. Nasema idara zikubali majuma mawili chomboni au katika viunda vya Matondoni kuwa kazi halali ya nyanjani, yenye alama, kama tunavyokwenda kurekodi ngano na nyimbo za harusi. Mafundi wangalipo: chombo cha Flipflopi, kilichoundwa Amu kwa plastiki iliyookotwa chini ya fundi Ali Skanda, kilisafiri hadi Unguja mwaka 2019.

Jahazi letu sasa limetia nanga Manda, linavusha mawe. Sura ya pili naiandika upya. Nahodha ana umri wa miaka 74 na amesema atasafiri tena demani ijayo, Mungu akipenda. Nafasi iko ya watu sita. Maji tunafua kwa zamu.