DADA WA MJINI YUPO NUNGWI, WATEJA WANAJIBIWA NA SIMU

Jina kapuni, lakini wanaofuatilia mambo ya mavazi hapa Dar wanamjua. Fremu yake iko Kariakoo, ukivuka tu Lumumba kutoka Mnazi Mmoja, na huko Instagram anauza madera na vitenge kuliko hata anavyouza dukani. Hivi karibuni kaenda zake Zanzibar kupumzika. Picha ya kwanza yuko kwenye boti, ya pili yuko Nungwi miguu kwenye maji, ya tatu anakula pweza. Kapendeza kweli kweli. Ila chini ya picha ya pweza mama mmoja wa Mbeya kaandika: "Dada, sare zetu vipi? Kitchen party ni Jumamosi."

Hapo ndipo moto ulipowaka. Kumbe akina mama kumi na tano walichangishana, hela ikatumwa kwa simu, na meseji ya muamala ipo. Mweka hazina aliyetuma hela kaandika WhatsApp, kimya. Wenzake wakaandika kila mmoja kwa simu yake, na wote wakapata jibu lile lile papo hapo: "Asante kwa kuchagua duka letu! Tutakujibu hivi punde." Na ua jekundu mwishoni. Kufika jioni dada wa watu keshaitwa tapeli na watu ambao hata dera lake hawajawahi kuvaa.

Na mzigo wenyewe? Ulikuwa stoo, umefungwa, umeandikwa MBEYA kwa kalamu nene. Kijana wa duka alikuwa anasubiri namba ya mpokeaji tu aupeleke kwenye basi.

Mashabiki wakagawanyika, kama kawaida. Wapo waliosema mwacheni apumzike, naye ni binadamu. Wapo waliosema ukishapokea hela ya watu huna likizo. Wa kwanza wana haki, wa pili wamezidisha. Tangu Februari 2025, Kariakoo ilipozinduliwa kufanya biashara saa 24, kuna watu wanadhani muuzaji naye halali. Analala, anaumwa, anafiwa, na anaenda Nungwi. Kosa la dada huyu halikuwa boti wala pweza. Kosa lilikuwa hilo neno "hivi punde".

Wengi wenye maduka ya mtandaoni hawajui kwamba WhatsApp Business ina meseji mbili za kujiendesha zenyewe. Moja ni ya kukaribisha: inamwendea anayeandika kwa mara ya kwanza, au aliyekaa siku 14 bila mawasiliano na duka. Ndiyo maana wale shoga wa Mbeya walikaribishwa kwa maua, na mweka hazina aliyekuwa akichati na duka wiki ile ile hakupata chochote. Ya pili ni ya kusema mwenye duka hayupo. Hiyo unaiandika mwenyewe, unaipangia siku ya kuanza na siku ya kuisha. Dada aliiacha ya kwanza ikiwaka, ya pili hakuigusa. Kwa lugha ya dukani, kafunga fremu kaondoka, kibao cha KARIBU kakiacha mlangoni.

Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walipogoma na kufunga maduka, mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akakutana nao pale viwanja vya Mnazi Mmoja, mteja wa mkoani alijua. Ilikuwa kwenye kila taarifa ya habari. Muuzaji mmoja akienda zake kuogelea hakuna redio itakayotangaza. Atangaze mwenyewe, na mistari mitatu inatosha: "Nimesafiri, narudi kazini Jumatatu tarehe fulani. Oda zilizolipiwa zinaendelea kutumwa, mpigie kijana wa duka namba hii. Oda mpya usitume hela mpaka ujibiwe na mtu." Huo mstari wa mwisho una uzito kuliko yote. Mteja wa Songea au wa Lubumbashi hana pa kwenda kugonga mlango, na hela ikishaingia kwenye simu ambayo haijibiwi, usingizi unaisha pande zote mbili.

Sasa hapo kwenye namba ya kijana wa duka ndipo penye shughuli, na ndipo wengi wanapokwama hata kama hawasemi. Tajiri wa Kariakoo hapendi kumpa kijana wake wateja. Anaogopa leo kijana atapokea simu, kesho atajua bei ya jumla inakopatikana, keshokutwa kafungua fremu yake mtaa wa pili na wateja wote kahama nao. Hofu hiyo si ya kubuni, kuna waliolizwa. Lakini dawa yake ipo: laini ya duka, inayobaki dukani, kwenye simu ndogo ya tochi. Kijana anapokea, anajibu kuhusu mizigo tu, na bosi akirudi laini inakuwa pale pale. Bei ya laini na kasimu hako haifikii hata madera mawili. Kumwachia kijana stoo nzima halafu kumnyima simu ni hesabu isiyoeleweka.

Halafu kuna mtego mwingine. Meseji ya WhatsApp ya kusema haupo inatoka pale tu simu yako ikiwa na intaneti. Desemba ile watu wakipanda mabasi kwenda Moshi, mtu anapanga meseji yake vizuri, anafika mgombani, bando linaisha, simu inazima, na meseji nayo inalala. Anayehitaji kujibiwa na mashine kuliko wote ndiye asiyejibiwa. Barua pepe haina shida hiyo, maana Gmail inajibu yenyewe hata simu yako ikiwa imezama baharini. Pia inakuruhusu kuwajibu walio kwenye orodha yako tu, ili usiutangazie ulimwengu kwamba nyumba ni tupu.

Wa maofisini wana lao. Kaka mmoja mwenye ofisi jirani na Mnazi Mmoja aliweka jibu: "Nipo likizo, sitaweza kusoma barua pepe." Dakika tatu baadaye anajibu mwenyewe. Wiki haijaisha bosi keshazoea, anamtumia kazi kama kawaida. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 31, inampa mfanyakazi angalau siku 28 mfululizo kwa mwaka, na inamkataza mwajiri kumtaka au hata kumruhusu afanye kazi siku hizo. Bosi kakosea, ndiyo. Lakini kaka naye kamfundisha kwamba lile jibu ni urembo tu.

Mama wa uhasibu anayekaa meza ya jirani yake aliandika tarehe ya kurudi, jina la anayemshikia malipo na namba yake ya mezani, basi. Siku 28 nzima kapigiwa simu moja tu, ya mtu aliyetaka kujua ufunguo wa kabati la risiti uko wapi.