Maafa Huchagua

Kila maji yanapoua watu, viongozi wetu huja na kauli ileile: maafa hayachagui. Huisema wakiwa wamesimama kando ya majeneza, nasi tulioketi kwenye viti vya plastiki chini ya hema tunatikisa vichwa kuitikia. Ni uongo, tena uongo unaowafaa sana wanaousema.

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya wa Kanisa Katoliki kutoka Mwingi lilikuwa likielekea harusini Nuu, kaunti ya Kitui. Mto Enziu ulikuwa umefurika na kuifunika barabara. Basi liliingia majini, likayumba, likalala ubavu na kuzama huku watu ukingoni wakipiga mayowe. Zaidi ya 30 walikufa. Pale barabara ilishuka mpaka mtoni na kupita kwenye kivuko cha saruji. Maji yalipojaa, barabara yenyewe ilikuwa mto. Kwenye barabara kuu ya kwenda Garissa, inayokata mji uohuo wa Mwingi, magari huvuka juu ya madaraja. Mvua ni ileile. Nani avuke juu na nani avuke chini, hilo halikuamuliwa na mawingu.

Makueni nako, tangu 2017 treni ya reli ya kisasa, SGR, inapita Emali na Kibwezi ikivuka mabonde juu ya nguzo ndefu za saruji, abiria wakisinzia. Lakini Aprili 2024, katika kaunti hiyohiyo, lori lililobeba watu lilisombwa na mafuriko mahali paitwapo Kwa Muswii.

Na si maji tu. Mwaka 2004 mahindi yenye aflatoksini, sumu ya kuvu, yaliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Hata kuvu ilijua pa kubisha hodi: kwa familia zilizorundika mahindi yasiyokauka ndani ya nyumba badala ya ghala kavu.

Sisemi huzuni ya Wakenya ni ya kuigiza. Wengi wasiomjua hata mwanakwaya mmoja walilia kwa kuitazama tu video ya Enziu. Lakini rambirambi za serikali zilizofungwa ndani ya kauli hii ya 'maafa hayachagui' zinataka tulie pamoja kisha tutawanyike, kila mtu kwake. Sisi Ukambani hatukufunzwa huruma ya namna hiyo. Kwenye mwethya, kazi yetu ya pamoja ya kusaidiana, aliyekulilia jana leo anakuja na jembe. Mabwawa mengi ya mchanga ya Kitui na Makueni yamejengwa hivyo, akina mama wakibeba mawe.

Nitaambiwa matanga si mahali pa siasa. Basi mheshimiwa naye asipewe kipaza sauti. Akipewa, na bahasha yake ikipokelewa, aulizwe papo hapo ni kivuko kipi kimetengewa pesa za daraja mwaka huu, na jibu lake liandikwe kwenye daftari la mchango, mbele ya jina lake.