Chuo umepata, nyumbani umeaga?

  Mwezi huu sitajibu barua ya mtu. Nataka niwasimulie ishu iliyotokea sebuleni kwangu mwenyewe, maana nawajua: wengi wenu mnachungulia tovuti za vyuo saa za kazi huku bosi akidhani mnaandaa ripoti.

Kwa miezi minane nilikuwa naomba chuo kwa siri. Masta. Digrii ya kwanza nilimaliza miaka kumi na moja iliyopita. Nikaolewa, nikapata watoto wawili, nikapanda cheo mara moja tu, halafu nikaanza kuona vijana walioajiriwa juzi na masta zao wananipita kwenye korido wakiwa na funguo za ofisi zao. Roho iliniuma, siwezi kudanganya. Lakini baba watoto sikumwambia. Usiku akiuliza mbona silali, namjibu "ripoti ya ofisi." Nilijiambia nitamwambia nikishapata, maana nikikosa, ya nini aibu iwe ya watu wawili?

Basi bwana, Jumapili moja akachukua simu yangu aingize namba za LUKU zilizotumwa kwangu. Barua pepe ikaingia hapo hapo, juu kabisa ya kioo: hongera, umechaguliwa. Mimi nipo jikoni nageuza chapati. Hakupiga kelele. Bora angepiga! Alikuja akasimama mlangoni, akasema, "Hongera, mama." Halafu akauliza hii safari imeanza lini. Nikamwambia ukweli. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo miezi minane nalala na mtu ambaye sijui anakokwenda." Chapati ikaungua. Usiku ule akalala chumba cha watoto.

Naomba mnielewe, mume wangu si wale wa kumkataza mke kusoma. Kilichomchoma zaidi alikigundua siku ya pili, nilipolazimika kueleza hela ya ada inatoka wapi. Nilikuwa naiweka kidogo kidogo kwenye kikoba. Na Januari ile ile, yeye alikopa kwa wenzake kazini ili tulipe ada ya mtoto wetu mkubwa. Nilimwona akihangaika na simu, anampigia huyu, anampigia yule, na mimi hela ninayo. Nikakaa kimya. Hapo ndipo nilipokosa, na sina utetezi.

Wiki mbili tuliishi kama wapangaji. Maji yamekuja? Gesi imeisha? Basi. Aliyetutoa hapo ni wifi yangu mkubwa, mwanamke asiyezunguka maneno. Alinikalisha chini akasema, "Wewe hukuuliza kwa sababu uliogopa atakataa. Ungeuliza akakataa, mngegombana siku tatu. Sasa hukuuliza, mnagombana mwezi." Kaka yake naye hakubaki salama, maana alimuuliza mara ya mwisho yeye kuniuliza nataka nini maishani ilikuwa lini. Kimya.

Tulipokaa mezani kuongea, ndipo nilipoona nilivyojitesa bure. Chukua suala la majina. Vyeti vyangu vyote, kuanzia kidato cha nne, vina jina la baba yangu. Pasipoti ina jina la mume. Fomu ya chuo inataka jina moja, na kama hayafanani, unatakiwa uoneshe hati inayoeleza kwa nini. Mimi nilihangaika wiki nzima kutafuta cheti cha ndoa, nikapekua kabati lote, kumbe kiko kwenye faili lake ofisini tangu tulipoandikisha bima ya afya. Swali moja tu wakati wa chakula cha usiku lingemaliza kazi. Akina dada mlioolewa, hilo lishughulikieni mwanzo kabisa, kabla hata hamjachagua chuo. Na ukienda kwa mwanasheria kugongesha mihuri kwenye nakala, toa nyingi kwa mara moja.

Au hizi barua za mapendekezo. Ukitoka shule moja kwa moja, mwalimu anakukumbuka. Ukirudi baada ya miaka kumi, aliyekufundisha amestaafu au amehamia chuo kingine, na aliyepo amefundisha mamia ya watu baada yako. Usimtumie ujumbe wa mistari miwili, "Shikamoo Profesa, naomba recommendation." Mwandikie ulisoma mwaka gani, somo gani, ulipata alama gani, mada ya utafiti wako ilikuwa nini, na tangu hapo umefanya kazi gani. Ambatanisha wasifu wako. Mpe mwezi mzima, sio siku tatu. Vyuo vingi vinakubali barua moja itoke kwa mkuu wako wa kazi, na kwa sisi tunaorudi, hiyo mara nyingi ndiyo yenye uzito, maana inasimulia mtu wa leo. Ila hapo bosi atajua unaondoka au unapunguza muda. Kwa hiyo naye aambiwe kabla. Unaona zinavyofuatana hizi siri?

Kuhusu alama, wengi wananinong'oneza kwamba GPA zao zinawatia aibu. Vyuo vingi hapa nyumbani, kwa masta, vinaanzia GPA ya 2.7. Ukiwa chini ya hapo, wapo wanaopitia stashahada ya uzamili kwanza, na uzoefu wa kazi nao hutazamwa. Kama digrii yako uliisomea India au Malaysia, TCU ndiyo inayoitambua rasmi, na hilo lina taratibu zake, usilisubirishe. Na jamani, mwenzi wako anastahili kujua hiyo GPA. Nina rafiki aliyemficha mchumba wake kwamba alimaliza na "pass." Mchumba akaiona kwenye transkripti siku wanapanga mafaili ya harusi. Walicheka, lakini mmoja alicheka zaidi ya mwingine.

Wale wenye macho ya kuvuka bahari, hapa ndipo pa kukaa wawili na kalamu. Chevening, ile ya serikali ya Uingereza, inataka angalau miaka miwili ya uzoefu wa kazi, yaani saa 2,800, na ukimaliza lazima urudi nyumbani ukae miaka miwili. Kawaida inafunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba, kwa hiyo insha zake usianze kuziandika Oktoba. Inalipa ada, nauli na posho ya kuishi, lakini ni yako wewe. Mwenzi na watoto hawamo. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawajalishika: tangu Januari 2024, Uingereza imezuia wanafunzi wa masta za kawaida za darasani kuja na mwenzi au watoto kama wategemezi, hata kama una hela zako mwenyewe. Njia hiyo imebaki kwa wanaosoma kwa utafiti na kwa wanaofadhiliwa na serikali. Maana yake ni kwamba ukienda kwa masta ya kawaida bila ufadhili wa serikali, mtaishi mbalimbali mwaka mzima. Hilo si la kumwambia mtu ukiwa na tiketi mkononi.

Ujerumani nako, ile mipango ya DAAD ya kozi za maendeleo nayo inataka miaka miwili ya kazi, lakini kwa kawaida digrii yako ya mwisho isiwe imepita miaka sita. Mimi na kumi na moja yangu nilishachelewa. Wewe mwenye minne, unasubiri nini? Na mtihani wa Kiingereza kama IELTS usiufanye mapema sana kwa kiherehere, matokeo yake hudumu miaka miwili tu. Nimeona mtu amelipia, amefaulu vizuri, halafu amekaa nayo hadi imekufa.

Kwa wasiotaka kuacha kazi wala familia, Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama sisi, na kina vituo mikoani. Masta za jioni zipo pia. Lakini usidanganywe na neno "jioni." Jioni ya Dar ni foleni. Unatoka kazini saa kumi na moja, unaingia darasani ukiwa umeshachoka, unarudi watoto wamelala. Wikiendi kuna kazi za vikundi. Ninaowafahamu walioanza masta, wengi walimaliza masomo ya darasani vizuri tu, wakakwama kwenye tasnifu. Darasani kuna ratiba inayokusukuma; tasnifu inakutaka ujisukume mwenyewe, usiku, peke yako, na msimamizi amesafiri. Ndiyo maana wazo la utafiti ni vizuri uingie nalo, na likitoka kwenye kazi unayoifanya kila siku ni rahisi zaidi kupata data.

Kichwa nacho kimeota kutu, tusidanganyane. Nilipofungua takwimu kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote ile nilitaka kulia. Nikaanza kujipa saa moja kila usiku: makala moja ya kitaaluma, kurasa chache, naandika aya moja kwa maneno yangu. Programu ya Zotero ya kupanga marejeo ni ya bure. Ijifunze kabla hujaanza, siyo usiku wa kuwasilisha kazi.

Hela sasa. Tuliandika kila kitu kwenye karatasi moja: ada, nauli, vocha za intaneti, gharama za utafiti. Kama wewe bado unakatwa ile asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo, iandike pia, maana digrii ya kwanza hujamaliza kuilipa na unataka kuongeza ya pili. Hela ya kikoba niliileta mezani yote. Kwanza tulilipa deni lake la Januari. Ndiyo, ikapungua, na nikakiandikia chuo kuomba kuahirisha hadi mwaka unaofuata. Wakakubali. Iliniuma mno, nilitaka niingie mwaka ule ule. Lakini kumpita mtu niliyemwona akikopa, nikaingia darasani na hela ile, nisingeweza.

Mwaka wenyewe ndio huu. Kwenye mlango wa friji yetu kuna karatasi, mwandiko wake na wangu. Jumanne na Alhamisi yeye anapika na kulaza watoto. Jumamosi asubuhi nasoma, simu inakaa kwake. Jumapili hakuna kitabu, hata kuwe na mtihani Jumatatu. Hapo tulibishana sana na bado nadhani nilionewa. Kuna kipengele cha mwisho alichokiongeza mwenyewe bila kuniambia, nikakikuta asubuhi natoa maziwa: nikimaliza mimi, zamu yake. Sikujua kama naye anataka kusoma. Miaka yote hii. Nilimuuliza anataka kusoma nini, akasema atanionesha fomu.

Mwezi ujao narudi kwenye barua zenu. Kuna dada wa Mwanza mchumba wake amepata nafasi ya kusoma nje, na ndugu wanataka ndoa ifungwe kabla hajapanda ndege. Mwenye uzoefu wa hilo aniandikie mapema.