Mlangoni Mnatupekua, Vioo Je?

Jamani, nimechoka na usalama wa mlangoni. Ingia jengo lolote kubwa la Nairobi: utapitishiwa kile kidude kinacholia, begi litafunguliwa, gari litachunguliwa chini. Sawa. Sasa tazama juu. Ghorofa baada ya ghorofa za vioo vitupu! Nani amevijaribu?

Tukumbushane. Tarehe 7 Agosti 1998, waliolipua ubalozi wa Marekani walianza kwa kurusha guruneti. Watu wa majengo jirani wakakimbilia madirishani kutazama kuna nini. Punde bomu la lori likalipuka. Watu 213 walikufa na maelfu wakajeruhiwa. Tunalikumbuka jumba la Ufundi lililoporomoka, lakini wengi waliopoteza macho siku ile hawakuangukiwa na zege. Walikatwa na vioo vya madirisha yao wenyewe.

Mimi ni mtu wa programu, si mhandisi wa majengo. Ila kazi yangu imenifunza jambo moja: ukijaribu kila kipande peke yake, bado hujajaribu mfumo.

Dirisha ni vivyo hivyo. Kuna kioo cha tabaka mbili zenye utando wa plastiki katikati. Kikipasuka, vipande hubaki vimeshikana, kama kioo cha mbele cha matatu. Vizuri. Lakini kitie kwenye fremu dhaifu, mlipuko utaking'oa kizima na kukutupia mezani. Ndiyo maana wanaojua kazi hulipua dirisha zima: kioo, fremu, silikoni na vishikizo vya ukutani. ISO 16933 inaeleza jaribio la uwanjani kwa baruti, na ISO 16934 lile la bomba la mawimbi ya hewa. Zote zimekuwapo tangu 2007. Nayo GSA, idara inayosimamia majengo ya serikali ya Marekani, huweka ubao mita 3 nyuma ya dirisha. Vipande vikiupiga juu ya sentimita 60 kutoka sakafuni, dirisha linapewa alama mbaya kuliko zote.

Utaniambia ni ghali. Sisemi kila kioski kifanye hivyo. Nasema mabenki, wizara, hoteli na minara iliyo jirani nazo. Na usiniambie mmebandika karatasi ya plastiki juu ya kioo cha zamani mkamaliza. Isiposhikizwa kwenye fremu, kioo chote kinaweza kuja nayo.

Kwa hiyo wewe mpangaji, kabla ya kutia sahihi mkataba, mwombe mwenye jengo ripoti ya jaribio la dirisha zima. Cheti cha kioo peke yake hakitoshi. Akikuonyesha idadi ya askari wake, hajakujibu.

Na siku ukisikia mlio nje, tafadhali, usikimbilie dirishani.