Mji Mkongwe Unataka Wabia

Ndugu zangu wa Unguja, na nyinyi mliotoka hapa mkaweka maskani Dar es Salaam, Muscat au London, nakuombeni tuzungumze habari ya nyumba zetu.

Disemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, watu wawili wakafa. Jumba lile la Sayyid Barghash, la mwaka 1883, lilikuwa tayari linakarabatiwa kwa fedha za Oman. Msaada ulikuja, lakini jumba lilikwishachoka. Vichochoroni zimo nyumba nyingi zilizochoka vivyo hivyo: za Serikali, za wakfu, za warithi waliotawanyika. Hakuna mmoja kati ya wamiliki hao atakayeziweza peke yake.

Ubia unawezekana, tumeuona. Bustani ya Forodhani ilichakaa, Serikali ikakubaliana na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, na mwaka 2009 bustani ikafunguliwa upya. Mpaka leo ni ya kila mtu: watoto wanajirusha baharini, muuza pweza anapata riziki yake. Ubia wa namna hii ndio ninaoutaka. Jumba la umma likikodishwa kuwa hoteli, kuta zake huokoka, hilo silikatai. Lakini majirani wote wakihamia Fuoni, nani atakaa barazani?

Kwa hiyo naiomba Serikali ibandike hadharani kila mkataba wa kukodisha, useme kodi kiasi gani itarudi kwenye mapaa ya nyumba za wakaazi, na mpangaji wa zamani analindwa vipi. Wewe mwenye hoteli Shangani au duka Mkunazini, shika nyumba moja ya jirani. Mlipe fundi mzee awafundishe vijana kuchanganya chokaa na kupanga boriti. Na tafadhalini, saruji muiache. Ukuta wa mawe ya matumbawe hupumua kwa chokaa. Ukiupaka saruji unyevu hufungika ndani, ukuta ukaoza huku nje unang'ara.

Wapangaji, dari ikianza kuvuja msingoje masika. Nendeni mtaa mzima kwenye Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Na nyinyi warithi mlio mbali, hakuna mbia atakayetia fedha kwenye nyumba yenye ugomvi. Pigianeni simu mwezi huu, mkubaliane nani atasaini kwa niaba ya wote.